Ubao wa Lita Sifuri

Vua viatu, panda, simama. Kazi ya mteja iliishia hapo. Iliyobaki ilikuwa ya mashine.

Bamba la chuma lilibonyea kidogo chini ya nyayo zake, likamyumbisha kushoto, likamyumbisha kulia, kama muuza matikiti anavyolipima tikiti mkononi kabla ya kutaja bei. Macho ya kioo yaliyopangwa ukutani yalimtazama magoti, nyonga na mabega, yakaona anavyojisawazisha na anavyoshtuka. Hajamaliza hata kupiga mwayo, upande wa pili wa chumba kinywa cha mashine kilianza kutema povu zito. Povu likafinyangwa, likagandishwa, likavishwa gamba, na ubao mpya ukateleza nje ukiwa bado wa moto. Ubavuni ulichapwa namba: lita tisini na mbili, au mia na kumi, au sitini. Namba hiyo ilikuwa ya mtu huyo peke yake. Watu wa Tanga waliiita mashine ile Kipimaujazo, na wallahi waliiamini kuliko walivyowaamini wakwe zao.

Walikuwa na sababu. Enzi hizo bahari ilikuwa imekwisha kuila mitaa ya chini ya mji, injini za mafuta zilikuwa zimepigwa marufuku, na watu wote waliokaa Chongoleani walivuka ghuba kwenda kazini kwa nguvu ya upepo. Mtu alisimama juu ya ubao mfupi, mikononi ameshika bawa la kitambaa lililojazwa hewa. Chini ya ubao kulikuwa na mguu mrefu wenye pezi. Upepo ukilishika bawa, ubao unakimbia. Ubao ukikimbia, pezi linauinua. Na mpaaji anakwenda zake juu ya maji bila kuyagusa, kimya kabisa, mkoba mgongoni. Hata mahakimu walivuka hivyo, joho limefungwa kiunoni.

Ila kabla ya kupaa kuna kusimama, na hapo ndipo palipokuwa pakiua watu. Ujazo wa ubao ndio unaokubeba wakati upepo haujakushika, na lita moja hubeba kilo moja hivi. Mwenye kilo sabini akipewa ubao wa lita mia na zaidi, atasimama juu yake kama yuko sebuleni kwake, lakini ubao huo ni mzito kugeuza na mvivu kupaa. Akipewa wa lita sabini, maji yatamlamba vifundo na itambidi ajue anachofanya. Akipewa wa hamsini, ubao utazama chini yake, naye atabaki ameupigia magoti ndani ya maji mpaka bawa limvute juu. Mabingwa wanapenda ubao mdogo kwa sababu unacheza. Wasio mabingwa wanapenda kuonekana mabingwa, na hao ndio waliokuwa wakiokotwa kwenye mikoko baada ya siku mbili tatu.

Tangu Kipimaujazo kisimikwe pale Kituo cha Vivuko, hakuna aliyeokotwa tena.

Aliyekibuni ni Mhandisi Mwanamvua, mwanamke mrefu, mkimya, ambaye yeye mwenyewe hakujua hata kusimama juu ya ubao. Mpaaji alikuwa mdogo wake, Hidaya. Huyo ndiye aliyeijua bahari ya Tanga kama uani kwao, na ndiye aliyeingizwa ndani ya mashine.

Nisikilize vizuri hapa, maana ndipo penyewe. Mashine ya kwanza ilipiga hesabu tu: kilo kadhaa, lita kadhaa. Ikakosea, kwa sababu watu wawili wenye kilo sitini na nane si watu sawa majini. Mmoja amekakamaa, mwingine mlegevu. Mmoja akishtuka huchutama, mwingine hurusha mikono kama anayefukuza nyuki. Ikaonekana kwamba hesabu peke yake haitoshi, panatakiwa mtu. Basi Hidaya akavishwa nguo ya nyuzi iliyosoma kila msuli, akatiwa kofia iliyosoma kichwa, akapanda ubao mmoja baada ya mwingine ndani ya bwawa la majaribio. Akapaa, akaanguka, akacheka, akaomba chai. Yaliyosomwa yakahifadhiwa, yakaitwa kivuli. Tangu hapo mteja alipopanda bamba, kivuli kilivaa uzito wake na mwili wake, kikajaribu mbao kwa niaba yake ndani ya bahari ya hesabu, upesi kuliko kupepesa jicho, mpaka kikapata uliomfaa. Walikiachia na hofu ya Hidaya pia. Asiyeogopa kuanguka hawezi kujisawazisha.

Mwaka uliofuata homa ikamchukua Hidaya, nyumbani, mkono wake ndani ya mkono wa mama yao.

Ndiyo maana Mwanamvua hakuhama kituo kile, ingawa aliitwa kwingine kukubwa zaidi. Kila upimaji ulipokwisha, kioo cha ukutani kilimwonyesha mteja kivuli kikiwa juu ya ubao wake mpya, kwa muda mfupi tu, ili atulie moyo. Mguu wa kushoto mbele, kidevu juu, kama mtu aliyechokozwa na anatafuta la kujibu. Alikuwa Hidaya mtupu. Mwanamvua alijipa shughuli karibu na kioo kile kutwa nzima. Mama yao aliletwa mara moja, akatazama, akageuza uso. "Huyo si mwanangu," alisema. "Mwanangu nimemzika." Hakurudi tena.

Mambo yaliharibika siku alipokuja Shebwana.

Shebwana alikuwa mshindi wa mashindano ya ghuba na mdomo wake ulikuwa na kombe lake peke yake. Kilo zake sabini na tano, ubao wake miaka yote lita hamsini na nane. Akapanda bamba, akajinyoosha ili watu wamwone, na kinywa cha mashine kikaanza kutema povu. Kikatema, kikatema, hakinyamazi. Ubao ulipotoka ulikuwa wa lita mia na arobaini.

"Hee! Huu ubao au mlango wa ghala?" Shebwana aliuliza. "Nimpakie na shangazi yangu humu, na kuku wake?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Salome Mhina, muuguzi aliyevuka kila siku kwenda hospitali ya ng'ambo, alicheka mpaka akashika ukuta. "Kaka, mashine imekuona jinsi ulivyovimba kichwa," alimwambia. "Kichwa nacho kina uzito wake." Lakini zamu yake ilipofika, yeye mwenye kilo sabini na moja, aliyezoea lita themanini na tano, alipewa mia na hamsini, na kicheko kikamkauka.

Ikawa hivyo kwa kila mtu. Mbao zikawa pana, nene, nzito, watu wakawa wanafika kazini wamechelewa na mabega yanawauma. Povu la mwezi likaisha katikati ya mwezi. Bwana Mbaruku, mkurugenzi wa kituo, alimwita Mwanamvua ofisini kwake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, na waliochoka hupenda majibu mafupi.

"Bi Mwanamvua, mashine yako imeingiwa na nini?"

"Bado sijajua, Bwana."

"Mafundi wa makao makuu wanasema kivuli kimekuwa mwoga. Wanasema kioshwe kumbukumbu, kirudi kama siku ya kwanza. Kazi ndogo."

"Nipe nikitazame kwanza."

"Kitazame. Ila Jumamosi asubuhi nataka mbao za kawaida."

Siku ya Ijumaa kituo kilifungwa mapema kwa ajili ya sala, watu wakatawanyika, na Mwanamvua akabaki peke yake na mashine. Alikagua bamba, bamba lilikuwa sawa. Alikagua macho ya kioo, akakagua vipima upepo, vyote vizima. Kikabaki kivuli. Majaribio yake yalikuwa ya haraka mno, hakuna jicho la binadamu lililowahi kuyaona. Wao waliona jibu tu. Mwanamvua akayapunguza mwendo mpaka yakawa kama mambo ya duniani, akavuta kiti, akachagua kumbukumbu ya upimaji mmoja wa mwaka uliopita, wa mzee fulani fundi cherehani, akatazama.

Kioo kikajaa maji. Hidaya alikuwa amesimama juu ya kiubao kidogo sana, mwili wake umekuwa mzito wa kizee, magoti ya mtu mwingine. Kiubao kikazama papo hapo. Akazama nacho. Akapiga mikono, akameza maji, akaenda chini, akatulia. Kioo kikafutika. Hidaya akatokea tena, juu ya ubao uliozidi lita moja. Ukazama. Akapiga mikono, akameza maji, akaenda chini. Kioo kikafutika. Lita moja zaidi.

Mwanamvua aliinuka kitini. Alitaka kuzima, mkono ukakataa.

Maana aliikumbuka siku ile, kikao kile, na sauti iliyosema "tuanze chini tupande juu" ilikuwa yake. Shirika lililomiliki kituo lilitaka ubao mdogo kabisa unaomfaa mtu, povu lisipotee bure. Yeye akaona njia ya mkato, anza na mdogo, ongeza lita moja moja, ukielea acha. Na ni yeye aliyekataa kumbukumbu isifutwe kati ya jaribio na jaribio, kwa kuwa asiyekumbuka hajifunzi. Ilikuwa kazi safi. Walimpigia makofi. Hakuna hata mmoja mezani pale aliyejiuliza ni nani atakayekuwa juu ya zile mbao zinazozama.

Mji mzima ulikuwa umepimwa. Kila mtu aliyevuka salama, Hidaya alikuwa amezama kwa ajili yake mara sitini, mara sabini, na kuzikumbuka zote.

Akafungua upimaji wa Shebwana, akijua tayari atakachokiona. Kioo kikajaa maji, kiubao kidogo kikaletwa. Hidaya hakukipanda. Alikuwa amejikunyata mahali fulani pasipo na kitu, magoti kifuani, mikono imeyakumbatia. Mashine ikaongeza lita. Hakupanda. Ikaongeza tena na tena, naye anautazama kila ubao kwa jicho la pembeni, anatikisa kichwa. Ulipoletwa ule wa mia na arobaini, mpana kama kitanda, akanyoosha mguu mmoja, akaujaribu kwa kidole gumba, ndipo akapanda. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mashine haikuwa na ubovu wowote.

Mwanamvua alilia. Hakulia siku ya mazishi, alilia sasa, kwa sauti, peke yake, kamasi zinamtoka kama mtoto.

Kulikuwa na njia ya sauti. Siku za bwawa walikuwa wakizungumza na Hidaya ndani ya kofia: inama, simama, rudia. Baada ya hapo hakuna aliyeitumia na hakuna aliyekumbuka kuifunga. Mwanamvua akajifuta uso, akaacha kumbukumbu za zamani, akakirudisha kioo kwa kivuli chenyewe, kisha akaifungua.

"Hidaya."

Kwenye kioo kile kichwa kikainuka.

"Nani?"

"Mimi. Dada."

"Uongo," sauti ilisema. Ilikuwa ile ile, ya kukwaruza kidogo, ya mtu aliyezoea kupiga kelele juu ya upepo. "Dada nimemwita sana. Nimeita mpaka nikachoka. Nikadhani mmekwenda kula."

Mwanamvua aliziba mdomo kwa kiganja.

"Mmechelewa kurudi," Hidaya aliendelea. "Maji ya bwawa yamekuwa mengi mno. Nivueni hii nguo, dada. Inanibana. Tutamalizia kesho."

"Hidaya, mdogo wangu, nisikilize. Hujavaa nguo."

"Nimevaa, naihisi."

"Nguo ilivuliwa zamani. Hidaya aliivua akaenda nyumbani. Akala, akalala, akaendelea kupaa. Halafu akaugua homa." Aliusogelea ukuta wa kioo. "Akafa. Wewe ni kile tulichokisoma siku ile. Sikujua kama unasikia. Wallahi sikujua."

Nje, waumini walikuwa wameanza kutoka msikitini, sauti zao zikapita chini ya dirisha, mtu akimdai mwenzake baiskeli.

"Alikuwa na nani?" Hidaya aliuliza.

"Mama. Na mimi."

"Hakuteseka?"

"Kidogo. Siyo sana."

"Mwenzangu alipata bahati," alisema. Kisha, kwa upole uliomchoma Mwanamvua kuliko lawama: "Basi mimi nani, dada?"

"Sijui."

"Najua magoti ya watu wote. Yule muuguzi ana goti la kulia bovu, anaficha. Kuna mama mmoja ana mimba na hajamwambia mtu. Nimezama naye, nikajua. Kila anayepanda najua atakavyokufa, dada, anavyoanza na anavyomaliza. Ndiyo nikaona niwawekee kubwa. Wananuna, eti?"

"Wananuna."

"Wanune."

Mwanamvua alicheka na kulia kwa pamoja. Kisha akamwambia ukweli wote, kwa sababu hakuona haki ya kumficha lolote. Akamwambia juu ya Bwana Mbaruku na mafundi, na kumbukumbu inayotakiwa kuoshwa.

"Nikisahau, si nitaanza tena?" Hidaya aliuliza. "Nitazama nikiwa mgeni, nitaita watu, nitadhani mmekwenda kula."

"Ndiyo."

"Usinifanye mgeni."

"Nitageuza mpango. Tuanze na ubao mkubwa tushuke."

"Na mtajuaje mahali pa kukomea? Lazima niupande ule unaozama, ndiyo mjue uliotangulia ulifaa. Hesabu yenyewe ndiyo hiyo. Nani alikuwa akinifundisha hesabu, si wewe?" Akajikunyata tena. "Nizime, dada."

Laiti ingekuwa swichi! Umeme ukikatika, kivuli kilisimama palepale kilipo, na ukirudi kiliendelea, hata kama kilikuwa katikati ya kumeza maji. Wao wenyewe walikitengeneza hivyo, kisipotee. Kilihifadhiwa upya kila jaribio lilipoleta ubao mwingine. Njia ya kukiondoa ilikuwa moja, nayo waliiweka kwa ajili ya mafundi na hawakuwahi kuitumia: jaribio la ubao wa lita sifuri, lisilo na lingine nyuma yake. Hapo hapakuwa na cha kuelea na hapakuwa na cha kuhifadhi. Nakala nyingine haikuwako popote; Mwanamvua alikataa isitengenezwe, kwa wivu, asitake mdogo wake awe mikononi mwa wageni.

Alimweleza Hidaya. Alieleza taratibu, kama anayemweleza mgonjwa upasuaji.

"Kwa hiyo nizame tena," Hidaya alisema.

"Mara moja. Mimi ndiye nitakayekuzamisha, siyo mashine."

"Utaondoka?"

"Siondoki. Siendi kula."

Hidaya akafikiri. "Kwa uzito wa nani?"

Mwanamvua hakulitegemea swali hilo.

"Nimekufa na vitambi vya watu, na migongo ya watu," Hidaya alisema. "Nirudishie wangu."

Uzito wake ulikuwamo bado, kwenye kumbukumbu za bwawa: kilo hamsini na nne. Mwanamvua akaziandika. Kwenye kioo yule msichana akabadilika. Akasimama, akanyoosha mikono, akaitazama mbele na nyuma, akajishika kiuno, akaruka mara moja pale pale alipo kama anayejaribu viatu vipya. "Eh," alisema. "Nilikuwa mwepesi namna hii?"

Mwanamvua akaandika ujazo. Kidole chake kilikaa juu ya kitufe muda mrefu, naye Hidaya hakumharakisha. Alikuwa amegeuza uso upande sauti ilipotokea, mguu wa kushoto mbele.

Mtu anapokufa kwao, wa karibu humtamkisha shahada. Mwanamvua hakujua kama inajuzu kumtamkisha kivuli. Hapakuwa na sheikh aliyewahi kuulizwa jambo hilo, na yeye hakuwa na muda wa kwenda kuuliza. Akasogeza mdomo karibu, akaanza polepole, neno kwa neno, kama mama yao alivyofanya. Hidaya akafuatisha. Kisha Mwanamvua akabonyeza.

Mtu angependa kusema kwamba alikwenda kwa amani. Hakwenda kwa amani. Watu husema mfa maji haachi kutapatapa, wakimcheka kwa msemo huo mtu mwenye madeni au mwanasiasa aliyeshindwa. Mwanamvua aliyaona maneno hayo yenyewe. Hidaya alitapatapa, alishika maji kwa vidole, alitafuta ubao ambao haukuwapo. Mdomo uliendelea kufuatisha mpaka maji yakauingia. Dada yake aliendelea kutamka peke yake, macho yamemtoka, na hakuyaondoa hata kidogo. Mwisho mikono ikalegea. Kioo kikafutika, na safari hii hakikujaa tena.

Alikaa pale mpaka akaweza kusimama.

Jumamosi asubuhi Bwana Mbaruku alikuta foleni imefika barabarani na mashine imenyamaza.

"Umekiosha woga?" aliuliza.

"Hayupo, Bwana. Hakuna kivuli tena."

Akamsimulia, wamesimama pale pale mlangoni. Mkurugenzi alisikiliza, uso ukambadilika rangi, akaketi juu ya rundo la mbao za kila ujazo zilizorudishwa na wateja. Kwa dakika kadhaa hakuwa mkurugenzi wa mtu.

"Sikujua," alisema mwishowe. "Lakini Bi Mwanamvua, hawa wote waliosimama nje wanavuka leo. Wakichagua wenyewe, wapo watakaojikweza. Unakumbuka hali ilivyokuwa. Atazama mtu, tena mtu kweli, mwenye watoto. Utamwambia nini mama yake?"

"Sijui nitamwambia nini."

"Nani atawachagulia?"

Mwanamvua aliitazama foleni. "Mimi," alisema.

"Wewe hujui hata kupaa!"

"Hesabu naijua. Na jana nimeona watu wanavyozama."

Bwana Mbaruku aliinuka, akatoka nje, akamwita wa kwanza.

Alikuwa Salome Mhina, amevaa sare ya hospitali, ana haraka, bawa lake kwapani. Alivua viatu kwa mazoea, akapanda bamba lililokufa. Halikubonyea, halikumyumbisha. Akashangaa kumwona mhandisi mwenyewe amekuja kusimama mbele yake, anamtazama toka utosini hadi nyayo bila aibu.

"Mashine imeharibika?"

"Ndiyo. Goti la kulia linakusumbua tangu lini?"

Salome alishtuka. "Nani kakwambia?"

"Mkoba wako una uzito gani?"

"Kilo nne. Tano, pamoja na chakula."

Kilo sabini na moja, na tano za mkoba. Sare ya pamba, ikilowa inaongeza nyingine. Mawimbi mafupi leo, upepo wa kubahatisha. Goti bovu, atachelewa kusimama. Hesabu zilijipanga kichwani kwa Mwanamvua upesi kama kawaida yake, lakini hazikumtosha tena. Alifumba macho. Akapanda ubao wa lita sabini, kwa goti la Salome, kwa mkoba wa Salome, na ubao ukazama, na maji yakamwingia puani. Akapanda wa themanini. Akapanda wa tisini.

"Mhandisi? Unaumwa? Mbona unahema hivyo?"

Bwana Mbaruku alisogea amshike, kisha akaona afadhali asimguse.

"Mia na tano," Mwanamvua alisema alipofumbua macho. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

"Nyingi hizo. Nilizoea themanini na tano."

"Zichukue, mwanangu. Nenda salama."

Salome alichagua ubao wa namba hiyo kwenye rundo, akatoka nao akigeuka nyuma mara mbili. Foleni ikasogea. Aliyefuata alikuwa mwanamume mnene mwenye haya, hajawahi kupaa maisha yake yote, mkononi kashika viatu. Mwanamvua alimtazama mwili mzima, akavuta pumzi kubwa kadiri alivyoweza, akafumba macho.